Chupa Kwenye Kiti cha Rubani

Ilikuwa safari ya dakika hamsini tu. Kumfikisha mtu mmoja mjini, kulala huko, kurudi kesho yake mchana. Rubani alikuwa ameshaifanya mara nyingi kiasi kwamba jioni ile alitoka nyumbani kama mtu anayekwenda dukani: alimwachia mama yake sufuria jikoni, akamwambia azime moto baada ya dakika ishirini, akachukua koti lake lililochanika kwapani, akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Saa kumi na moja kasorobo alikuwa langoni pa kiwanja. Mlinzi alimfungulia, lakini hakumpisha.

"Madam, mama mkwe wako alikuja mchana."

Rubani hakuwa na mume, sembuse mama mkwe. Lakini alijua nani anasemwa.

Kwa miaka kumi na moja, Fundi wa kiwanja kile alikuwa akimwita mkwe. Utani ulianza siku ile ile Rubani alipoajiriwa, Fundi alipomwambia kwamba atulie, asihangaike na wanaume, kuna kijana wake anamtunzia. Kijana mwenyewe wakati huo alikuwa chekechea. Miaka ikapita, kijana akaota ndevu, utani ukabaki pale pale. Hata mke wa Fundi aliudaka, na Rubani kila alipopita kwao alipokewa na sauti kutoka jikoni ikimwambia karibu mkwe, mumeo yupo, anafanya hesabu za shule.

Sasa Fundi alikuwa na wiki tatu kaburini. Tangu siku ya mazishi Rubani hakuwa ametia mguu nyumba ile.

Mlinzi alieleza kwamba mjane alikuja kuchukua sanduku la vifaa la marehemu. Aliingia kwenye banda la ndege peke yake, akakaa humo kitambo. Alikuwa amebeba kidumu cha njano, cha lita tano.

"Alitoka nacho?" Rubani aliuliza.

"Hapo sasa." Mlinzi alijikuna kidevu. "Sanduku nililiona. Kidumu... madam, mimi nalinda ndege. Vidumu silindi."

Habari za kidumu kile zilikuwa zimeshazunguka mtaa mzima. Ilisemekana kwamba mjane, alipoletewa ovaroli ya mumewe, aliifua mwenyewe kwa mikono yake ndani ya beseni, na alipomaliza alikataa kuyamwaga maji. Aliyamimina kwenye kidumu, akakiweka chini ya kitanda. Majirani walipomuuliza ni ya nini, alijibu kwamba maji hayo atayamwaga yule aliyeyafanya yawe mekundu.

Rubani alikuwa na digrii ya fizikia, na katika digrii ya fizikia hakuna somo la vidumu chini ya vitanda. Alisema, "Ahsante kaka," akapita.

Lakini alitembea haraka kidogo kuliko kawaida yake.

*

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, viti vinne, injini moja puani, mali ya Kamanda. Kamanda hakuwahi kuwa kamanda wa kitu chochote. Alikuwa na maghala ya saruji na mabati, na cheo hicho alijipa mwenyewe alipoanza masomo ya urubani. Alisoma manne. La tano lilikuwa na hesabu, akaona limezidi.

Katika banda lile kulikuwa na utaratibu wao, ambao haukuandikwa popote. Kitabu kinasema rubani, kabla ya kuruka, akinge mwenyewe mafuta kidogo kutoka chini ya kila bawa, ayaweke kwenye chupa angavu ya plastiki, ayaangalie. Mafuta ya ndege yana rangi ya samawati. Kama kuna maji yameingia, yatajitenga chini ya chupa, na injini haiendeshwi kwa maji. Kitabu kinasema rubani. Bandani kwao alikuwa akifanya Fundi. Akimaliza, akaridhika, aliimwaga chupa, akaifunga tambara shingoni na kuiacha juu ya kiti cha rubani. Chupa yenye tambara maana yake mafuta ni safi, panda twende. Na fundo lake mtu asingeweza kuliiga. Mkono wa kushoto wa Fundi haukupanda juu ya bega tangu alipoanguka ngazini, kwa hiyo alifunga kwa mkono mmoja na meno, na fundo likatoka na masikio matatu, kama mnyama asiyejulikana.

Kisha aligonga bawa. Mara mbili: nenda. Mara moja: subiri, kuna kitu hakijakaa sawa. Rubani akiwa ndani alijibu kwa kuinua kidole gumba, na ndivyo walivyoagana miaka yote kumi na moja.

Utaratibu wa tatu ulihusu ufunguo. Fundi akiwa mbele ya pangaboi, lile la puani linaloivuta ndege, ufunguo hukaa shingoni mwa rubani, kwenye mkufu, basi.

Wiki tatu nyuma Kamanda alileta wageni kuwaonyesha ndege. Fundi alikuwa mbele, analizungusha pangaboi polepole kwa mkono akisikiliza injini, kama daktari anavyosikiliza kifua. Kamanda alikuwa ameketi kwenye kiti cha rubani, amevaa hedifoni, anapigwa picha.

Akawasha.

Wageni walikuwa bado wanacheka ilipotokea.

Maelezo aliyoandika Rubani jioni ile yalikuwa na sentensi moja ya maana: marehemu hakuhakikisha kwamba injini imezimwa kabla ya kugusa pangaboi. Sentensi fupi, safi, ya mtu aliyesoma. Kesho, baada ya safari hii, saa tatu asubuhi alitakiwa kuirudia kwa kiapo mbele ya wachunguzi mjini. Kamanda alikuwa ameshaichapisha vizuri, iko kwenye mkoba wake. Alimwambia Rubani kwamba akiisema ilivyo, leseni ya Rubani haitaguswa, na jina la Kamanda nalo halitaguswa. La Fundi hakulitaja. Mtu aliyekuwa ananawa mikono kabla ya kushika daftari la ndege angebaki kwenye karatasi za serikali milele kama mzembe aliyejiua mwenyewe.

Kwa wiki tatu Rubani alikuwa anakinga mafuta mwenyewe. Fundi wa kuazima alikuja siku moja moja, na siku ile hakuja.

Kamanda alifika amechelewa, kavaa miwani ya jua na jua lenyewe linazama. Alirusha mkoba kiti cha nyuma akaanza kulalamika. Giza litawakuta njiani, watu wa mjini wanamsubiri, kwani huyu rubani anapiga deki au anarusha ndege. Rubani alizunguka ndege mbio mbio. Magurudumu. Mkia. Mafuta, kiasi kinatosha. Akafungua mlango.

Chupa ilikuwa juu ya kiti. Imefungwa tambara.

Mkono wake uliichukua, ukaitia mfuko wa koti, yeye akakaa. Hakufikiri. Mwili uliofanya jambo moja miaka kumi na moja hauombi ruhusa.

Akachomeka ufunguo. Injini ikaitika mara ya kwanza.

Ko... ko.

Bawa la kushoto.

Rubani akainua kidole gumba, akaachia breki.

*

Walikuwa wamesharuka robo saa Kamanda alipoanza kunusa hewa.

"Umejipaka nini?" aliuliza. "Kama wazee."

Rubani alikuwa ameshaisikia harufu hiyo tangu wakiwa chini, ila alikuwa anaifanyia ujeuri. Dawa ya kuchua. Ile ya kopo dogo la bati, inayochoma pua. Fundi alijipaka magotini kila asubuhi, na banda zima likanuka.

"Ni koti," alisema. "Limekaa bandani."

Chini ardhi ilikuwa inapoteza rangi. Barabara, mto mwembamba, mashamba yaliyoachwa. Rubani aliita mnarani, akatoa jina la ndege, mahali walipo, muda wa kufika. Muongozaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole waliyezoeana kwa sauti tu, hawajawahi kuonana. Alipokea, kisha akasita.

"Dada, mwambie abiria wako wa nyuma asiongee wakati unaongea. Mnaingiliana."

Rubani aligeuka. Kiti cha nyuma kulikuwa na mkoba.

"Nina abiria mmoja," alisema. "Yuko mbele hapa."

Redio ilikwaruza, ikakwaruza tena.

"Sawa... basi ni mawimbi."

"Anasemaje?" Rubani alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

"Anamwita mkwe wake."

Kamanda hakusikia, alikuwa amevua hedifoni zake anafuta jasho. Rubani aliacha mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto ukashuka wenyewe mfukoni. Ukaikuta chupa. Ukapanda shingoni mwa chupa, ukalikuta tambara. Tambara lilikuwa bichi.

Vidole vikahesabu masikio ya fundo.

Moja.

Mawili.

Matatu...

Hapo ndipo kichwa kilipoufikia mwili. Fundi yuko kaburini. Mafuta hayakukingwa. Na kidole gumba alichokiinua, alimwinulia nani?

Aliitoa chupa, akaifungua kwa meno, akainusa. Haikunuka mafuta hata kidogo.

Ilinuka sabuni ya kufulia.

"Ni nini hiyo?" Kamanda aliuliza.

Injini ikakohoa.

Mara moja, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Ndege ikatikisika. Ikakohoa tena, ikavuta, ikavuta... Rubani alikuwa ameshaitupa chupa miguuni, mikono ikikimbia: badili tangi, washa pampu, sukuma, vuta, jaribu tena. Alifanya yote. Alifanya kwa mpangilio, kama mtihani.

Injini ikazima.

Mtu asiyewahi kuwa ndani ya ndege iliyozima angani hudhani ukimya ni ukimya. Siyo. Kuna upepo unaopiga mluzi kwenye nyufa za mlango. Kuna mikanda inayogonga chuma. Kuna mtu mzima mwenye maghala anayelia kwa sauti ya mtoto. Mbele yao pangaboi lilisimama wima, panga moja juu, kama kidole kinachoomba nafasi ya kusema.

Ndege ndogo ikizima haidondoki kama jiwe. Inateremka. Inakupa dakika tano, pengine sita, na katika dakika hizo unachagua mahali pa kufia au pa kuponea. Kamanda alishika bega la Rubani akaelekeza kulia: barabara ile, tua barabarani. Rubani alikuwa ameshaiona. Ilikuwa na nguzo za umeme pande zote mbili, lakini hapakuwa na pengine. Akaanza kugeuza kulia.

Ko.

Mara moja. Bawa la kushoto.

Subiri.

"Umesikia?" Kamanda alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka, nyeupe.

Ndani ya hedifoni, karibu kabisa na sikio, bila mkwaruzo wa redio, pumzi ilivutwa. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa mpaka macho yakamchoma.

"Mkwe..." 

Rubani alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mkwe. Kesho utasemaje?"

Mshale wa kipimo cha kimo ulikuwa unashuka. Miti ilikuwa imeanza kuwa na matawi. Rubani alikuwa mtu asiyependa maigizo, aliyewahi kutoka katikati ya maombi kazini kwa sababu yaliingilia saa za kazi. Alifumba macho kwa muda wa kumeza mate, akasema kwa sauti, mbele ya tajiri wake:

"Nitasema ilivyokuwa."

Kamanda alimtazama. Alielewa. Hata katika hali ile alielewa mara moja, na uso wake ukafanya kitu ambacho Rubani hakukisahau: ulikasirika.

Ko... ko. Kushoto.

Akageuza kushoto, akaipa barabara kisogo.

Hakukuwa na kitu kule ila giza linaloanza na vichaka. Kisha vichaka vikafunguka, kukawa na ukanda mrefu wa nyasi, sawa, umenyooka kama uliopigwa rula. Kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Fundi alikuwa akikisimulia mara kwa mara. Hapo ndipo alipoanza kazi, akilala chini ya mabawa kwa kukosa chumba. Rubani hakujua kwamba kiko njiani mwao. Hakuwahi kuuliza.

Mwisho wa ukanda alisimama mtu.

Alikuwa anapunga kitambaa cheupe, kama wapungao watu wa viwanjani wakielekeza ndege. Anapunga kwa mikono miwili. Wa kulia ulikwenda juu kabisa. Wa kushoto uliishia begani.

*

Walitua vibaya lakini walitua. Gurudumu la kushoto liligonga kichuguu, ndege ikayumba, ikasota, ikasimama imeinamia upande mmoja. Vumbi likawafunika. Jambo la kwanza alilofanya Rubani, kabla ya kufungua mkanda, kabla ya kujua kama mifupa yake iko mizima, lilikuwa kuchomoa ufunguo na kuurudisha kwenye mkufu wake shingoni. Fundi alimfundisha hivyo.

Vumbi lilipotua, mwisho wa ukanda hakukuwa na mtu.

Kamanda alitoka akicheka. Kicheko cha mtu aliyerudishiwa roho na ameshaanza kudai na nyumba na shamba. Alivaa miwani yake. Alianza kuongea kwa kasi: kwamba yale ya juu kule ni hofu, hofu humfanya mtu aseme chochote, yeye hamlaumu, wataisahau, kesho saa tatu bado wanaweza kuwahi kwa gari. Alizunguka pua ya ndege akiendelea kuongea. Akasimama mbele ya pangaboi.

"Chuma cha bure," alisema, akanyanyua kiganja alipige.

"Usiguse," Rubani alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo. Baadaye aliipima mara nyingi sauti ile, kama ingeweza kuwa kubwa zaidi.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Aliushika. Ulikuwa wa moto.

Pangaboi lilizunguka.

Mzunguko mmoja tu. Halafu likasimama tena wima, panga moja juu.

Sauti aliyoisikia alikuwa ameshaisikia mara moja, wiki tatu nyuma. Hakuna nyingine inayofanana nayo.

Gari la uokoaji liliwafikia alfajiri. Walimkuta Rubani ameketi kwenye nyasi, mbali na ndege, mikono magotini. Walipomuuliza kama kuna mtu aliyewasaidia kutua, alisema hajui. Usiku kucha hakikulia hata kidudu.

*

Siku nne baadaye, saa tatu asubuhi, chumba cha wachunguzi kilikuwa na meza ya mbao, viti vya plastiki, na feni iliyokuwa inageuza hewa ile ile. Mchunguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Ukutani alikaa mjane wa Fundi, kwa niaba ya familia. Alikuwa ameweka miguu yake juu ya kitu kilichofunikwa kwa khanga. Rubani alipoingia waliangaliana.

Mchunguzi alikuwa na majibu yote, na alifurahi nayo kama mtu aliyemaliza fumbo la gazetini. Tangi la kushoto lilikuwa na maji. Mpira wa kifuniko umepasuka, mvua imeingia. Fundi wa kudumu hakuwepo wa kuubadilisha. Hata hayakuwa mengi.

"Glasi mbili," alisema. "Yana rangi kidogo. Kutu."

Na pangaboi? Kuna waya unaozima injini ufunguo ukitolewa. Waya huo ulikutwa umekatika. Injini ya moto, matone ya mafuta yaliyobaki, mtu akagusa panga... Inatokea. Tena, mchunguzi aliongeza, akishusha sauti kwa huruma, hii inaeleza na kifo cha fundi vile vile. Waya. Si uzembe wa marehemu, wala si kosa la mtu mwingine yeyote. Alisogeza karatasi iliyokwisha kuchapishwa. Ilibaki saini tu.

Rubani aliisoma. Ilikuwa karatasi nzuri. Ilimsafisha Fundi, ilimsafisha Kamanda, ilimsafisha yeye.

Ila ilikuwa uongo. Asubuhi ile ya wageni, yeye mwenyewe ndiye aliyeizima injini kwa ufunguo, nayo ikazima pale pale. Waya ulikuwa mzima.

Aligeuza karatasi upande mweupe, akaomba kalamu. Aliandika kwamba waya ulikuwa mzima siku ile, na kwamba Kamanda aliwasha injini Fundi akiwa mbele ya pangaboi, ili apigwe picha. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kamanda, ambaye angemkasirikia, naye alikuwa ameshazikwa. Aliweka saini, tarehe, akafunika kalamu, akavuta pumzi.

Ikaja na harufu ya dawa ya kuchua.

Ko.

Chini ya kiwiko chake, kwenye mbao za meza.

Alisubiri ya pili. Feni iligeuka kulia, ikageuka kushoto. Mchunguzi aliangalia chini ya meza, akadhani amepiga goti lake.

Ya pili haikuja.

"Mkwe," alisema mjane kutoka ukutani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema asubuhi ile, na alisema taratibu, bila hasira, kama anayekumbusha mtu alikoacha mwavuli. "Ufunguo ulikuwa unakaa wapi?"

Rubani alipeleka mkono shingoni. Mkufu ulikuwepo. Ufunguo wenyewe ulikuwa mezani, kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi.

Siku ile Kamanda alikuwa amenyoosha mkono mbele ya wageni, akasema, lete ufunguo, rubani. Walikuwa watu sita, wote wanaangalia. Fundi alikuwa anamwona kupitia kioo, alikuwa hata ametikisa kichwa, hapana. Naye Rubani aliona aibu kubishana na tajiri wake mbele za watu. Akauvua, akampa.

Alifungua kalamu tena. Chini ya saini yake ilibaki nafasi ya mstari mmoja. Aliandika: *Ufunguo nilimpa mimi.*

Mchunguzi aliusoma mstari ule kutoka upande wake, herufi zikiwa kichwa chini, akausoma tena. Polepole akavuta kuelekea kwake faili lenye leseni ya Rubani, akalifunika kwa kiganja.

Mjane alisimama. Aliondoa khanga miguuni pake, akakiinua kidumu cha njano, akakiweka mezani, juu ya karatasi zote. Maji ndani yake yalikuwa na rangi ya chai nyepesi.

"Mama," Rubani alinong'ona, "siku ile bandani... ulitia kwenye tangi?"

"Mimi tangi la ndege nalijulia wapi, mkwe? Nilifuata sanduku. Kidumu nilikwenda nacho, nikarudi nacho. Kuna mtu wa kumwachia?"

"Na chupa? Nani aliifunga?"

"Chupa gani?"

Alionekana kweli hajui. Rubani alikitazama kidumu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa tambara, kikakazwa, kama ambacho hakijafunguliwa tangu siku ya kwanza. Lakini hakikuwa kimejaa. Kilikuwa kimepungua pale juu, kidogo tu.

Kama glasi mbili.

Tambara lilikuwa na masikio matatu.

"Basi," alisema mjane, akafungua mlango, akasimama pembeni kumpisha. "Twende ukayamwage."

Rubani alikinyanyua. Kilikuwa kizito kuliko lita tano. Alipofika kizingitini alisimama, kwa sababu nje, kwenye korido tupu, harufu ilikuwa kali zaidi kuliko ndani.

Kwenye mbao za mlango, karibu na sikio lake la kushoto, ikaja ya pili.

Ko.